Ukikutana na Chui Mlimani, Usikimbie

Hotuba ya kusomwa katika mabaraza ya wadi zinazopakana na Mlima Kenya na Nyandarua, kabla ya msimu wa kiangazi



Msimu wa kupanda mlima umekaribia. Januari na Februari mvua hupungua, kilele huonekana tangu asubuhi, na kila Jumamosi magari ya vijana kutoka Nairobi na miji mingine hujipanga kwenye malango. Wengine wanaelekea Point Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Wengine wanakwenda Nyandarua, kwenye vilima vya Satima, Kinangop na Elephant Hill. Wakati huohuo, mama wa kijijini anaingia msituni na leseni yake kutafuta kuni, mchungaji anafuata ng'ombe aliyepotea, na mtoto wa shule anapita kando ya msitu kabla jua halijachomoza.

Hawa wote wanapita katika makao ya chui na fisi. Kwa hivyo baraza la leo lina neno moja ambalo kila aliyeketi hapa anafaa kwenda nalo nyumbani: ukikutana na mnyama anayekula nyama, usikimbie. Mengine yatakayosemwa hapa ni ya kueleza sababu, na kueleza la kufanya badala ya kukimbia.

Funzo kutoka mbali

Oktoba 2020, mwanamume mmoja alikuwa akifanya mazoezi ya kukimbia katika bonde la Slate Canyon, karibu na mji wa Provo, jimbo la Utah, Marekani. Akaona wanyama wadogo njiani, akatoa simu awapige picha. Kumbe walikuwa watoto wa puma, na mama yao alikuwa karibu. Mama akajitokeza, akaanza kumfuata.

Kwa muda wa dakika kama sita mtu yule alitembea kinyumenyume, simu ikiendelea kurekodi. Puma alikuja mbio mara kadhaa, akipiga miguu ya mbele chini, kisha akasimama. Mtu alipaza sauti, akamkemea, akangurumisha koo, lakini hakumpa mgongo hata mara moja. Mwisho aliokota jiwe, akalirusha, na puma akageuka akarudi alikotoka. Mtu yule alirudi nyumbani mzima. Maafisa wa wanyamapori wa jimbo hilo walieleza kwamba puma yule hakuwa akiwinda. Alikuwa akimsindikiza mgeni mbali na watoto wake.

Video hiyo ilienea dunia nzima, na huenda baadhi ya vijana walioko hapa waliiona kwenye simu. Ina kosa moja na mambo matatu mema. Kosa ni kusimama kuwapiga picha watoto wa mnyama asiyemjua. Mema ni haya: hakukimbia, hakugeuka, na hakunyamaza.

Puma ni nani, na chui ni nani

Puma anaishi Marekani ya Kaskazini na ya Kusini, kuanzia Kanada hadi kusini mwa Chile. Hayuko Afrika. Rangi yake ni ya mchanga, hana madoadoa akishakuwa mkubwa, na hangurumi kama simba. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na duma kuliko chui. Hata hivyo, kwa namna ya kuishi anafanana sana na chui: hutembea peke yake, hujificha, huvizia, na hupenda kushambulia kutoka nyuma.

Kwa sababu hiyo, ushauri unaotolewa huko kuhusu puma unafaa kwa sehemu kubwa hata hapa. Lakini si wote. Vijana wengi husoma ushauri wa kupanda mlima kwenye intaneti, na mwingi umeandikwa kwa ajili ya nchi zenye dubu. Huko mtu huambiwa kwamba akivamiwa na dubu wa kahawia ajilaze kifudifudi, ajifanye maiti. Afrika haina dubu. Hapa kuna fisi, na fisi hula mizoga. Kulala chini mbele ya fisi ni kumrahisishia kazi. Ushauri mwema ukipelekwa mahali pasipo pake unaweza kuua.

Nani anaishi juu huko

Chui yuko katika msitu wa Mlima Kenya na Nyandarua, katika mianzi, na hata katika nyika ya baridi iliyo juu ya msitu. Huko Nyandarua wengine ni weusi kabisa. Hao si aina nyingine ya mnyama wala si uchawi. Ni chui wale wale, na ukimtazama mweusi juani madoa yake huonekana.

Fisi wenye madoa nao hupanda kutoka msituni hadi nyikani wakifuata chakula. Simba ni nadra zaidi, lakini tambarare za Laikipia ziko karibu na zina simba. Mbwa mwitu nao huzunguka maeneo mapana sana.

Asidhani mtu kwamba akishapita miti yuko salama. Mwaka wa 1926 mchungaji Richard Reusch, mmishonari wa Kilutheri, alikuta chui aliyeganda kwa barafu karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, Kilimanjaro, zaidi ya mita 5,000 juu. Hakuna aliyejua alifuata nini huko. Chui akiweza kufika Kibo, anaweza kufika popote watu wanapopiga hema.

Kwa upande mwingine, asiogope mtu kupita kiasi. Watu wengi mno hupanda milima hii na kushuka bila kumwona hata mkia wa chui. Yeye huwasikia kwanza, akaondoka. Hatari iko kwa yule anayetembea peke yake, kimya, gizani, au anayemkuta mnyama aliyejeruhiwa, mwenye watoto, au aliyezingirwa.

Kabla ya kukutana naye

Kinga huanza langoni. Mlima Kenya, sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kupanda peke yake. Nyandarua, wapandaji huandamana na askari wa KWS au wa misitu. Wapo wanaoona gharama hii kuwa mzigo na kutafuta njia za panya. Njia ya panya haina daftari la majina, na asiyeandikwa langoni hakuna atakayejua kwamba hajarudi.

Tembeeni pamoja, watu watatu au zaidi, kwa umbali wa kusikilizana. Watoto wakae katikati, kamwe wasitangulie wala wasibaki nyuma. Ongeeni kwa sauti ya kawaida, hasa penye mianzi minene, penye kona na karibu na mito, kwa sababu maji huficha sauti ya hatua. Anayeweka spika za simu masikioni amejinyima mlinzi wake wa kwanza.

Saa mbaya ni jioni, usiku na alfajiri. Wanaoondoka kambini saa nane au saa tisa usiku ili wakute jua likichomoza Lenana watembee kwa kundi, kila mtu na tochi yake ya kichwani. Mwanga ukirudishwa na macho mawili mbele yenu, simameni kwanza. Msisogee kuangalia ni nini.

Mkikuta mzoga uliofunikwa kwa majani au uliopandishwa mtini, mwenye chakula yuko karibu. Rudini mlikotoka. Mkiona watoto wa mnyama, kumbukeni yule wa Utah: msipige picha, msiwaguse, ondokeni.

Ukimwona

Simama. Hilo ndilo jambo la kwanza na gumu kuliko yote, kwa maana miguu itataka kwenda yenyewe.

Sababu yake ni rahisi. Vuta kamba sakafuni mbele ya paka wa nyumbani uone atakavyoirukia. Ukiiacha itulie, hana haja nayo. Chui, simba na puma ni jamaa ya paka huyo. Kinachokimbia mbele yao ni mawindo. Na hakuna mwanariadha, hata bingwa wa dunia wa mita 100, anayeweza kumshinda chui kwa mbio. Wala usipande mti, kwa sababu chui ni fundi wa miti kukuliko.

Kama chui yuko mbali, amelala au amejificha, usimkazie macho. Chui hutegemea maficho, na anapodhani hajaonekana mara nyingi hukuacha upite. Mwone kwa pembe ya jicho, rudi nyuma polepole, mwachie njia ya kuondokea. Usimzunguke, na usisimame kati yake na kichaka.

Kama anakukaribia, mambo yanabadilika. Sasa ajue kwamba umemwona na kwamba wewe si mawindo. Mkabili. Mtazame. Inua mikono, panua koti, shika mkoba juu ya kichwa, na kama mko wengi simameni bega kwa bega. Sema kwa sauti nzito na thabiti. Usipige mayowe membamba, kwa sababu yanafanana na kilio cha mnyama aliyeumia. Mtoto mdogo mbebe au mweke nyuma yako, lakini usiiname zaidi ya inavyolazimu: mtu aliyeinama anafanana na mbuzi. Kama una fimbo au jiwe mkononi, tumia. Endelea kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Kwa simba ni hivyo hivyo. Anaweza kuja mbio kukutisha na kusimama mita chache kutoka ulipo. Anayesimama imara wakati huo ana nafasi nzuri. Anayegeuka ameipoteza.

Akikurukia, pigana. Kinga shingo na koo kwa mkono na kwa mkoba, piga uso, pua na macho kwa chochote kilichopo: fimbo, jiwe, tochi, chupa ya maji. Wenzako wasikimbie kutafuta msaada wakikuacha peke yako. Wapige kelele, warushe mawe, waje pamoja.

Fisi na kambi

Fisi humwogopa mtu anayetembea wima na mwenye kelele, lakini usiku humkaribia mtu aliyelala. Anayelala nje ya hema, au na hema wazi, amejiweka hatarini. Msiweke nyama, mifupa au sufuria chafu ndani ya hema wala nje ya mlango wake. Chakula kifungwe vizuri na kiwekwe mahali ambapo mwongozaji ataonyesha. Takataka zirudi chini pamoja nanyi. Mnyama aliyejifunza kwamba kambi ina chakula atarudi, na atakayemkuta ni mgeni wa wiki ijayo.

Anayetoka hemani usiku kwenda haja aamshe mwenzake, amulike pande zote kwanza, na asiende mbali.

Nyati na ndovu si chui

Hapa wageni wengi hukosea. Wanamwogopa chui ambaye hawatamwona, kisha wanatembea wakicheka kuelekea nyati aliye mita 30 mbele. Nyati na ndovu hawali nyama, lakini wanaua, na katika misitu hii ndio anaopaswa mtu kuwawazia zaidi.

Sheria yao ni tofauti. Usijaribu kumtisha nyati kwa kuinua mikono. Ukimwona kwa mbali, rudi taratibu kabla hajakuona. Akija kwako, tafuta mti wa kupanda, jabali au shina nene la kujificha nyuma yake. Ndovu naye mwachie njia mapema, ondoka kwa upande ambao upepo hautampelekea harufu yako, na usiingie katikati ya mama na ndama. Kinyesi kibichi, matawi yaliyovunjwa na ukimya wa ghafla wa ndege ni habari. Mwongozaji mwenyeji huzisoma kama wengine wasomavyo gazeti. Akisema turudi, rudini. Pesa za safari hazirudishi uhai.

Chui akiingia kijijini

Ua wa umeme wa Nyandarua, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka wa 2009 baada ya kazi ya miaka 20. Umeokoa mashamba mengi na misitu mingi. Lakini chui ni mpanda miti na mpita pembamba, na mara mojamoja hutokea shambani, kwenye banda la mbuzi au katika majani chai.

Yanayofuata ndiyo yanayoumiza watu. Habari inaenea, bodaboda zinafika, watu mia wanakizunguka kichaka wakiwa na mapanga na simu. Chui aliyekuwa akingoja giza ili arudi msituni sasa hana njia. Atapita juu ya watu, na watakaokwaruzwa na kung'atwa ni wale walio mbele, mara nyingi vijana. Chui mmoja aliyezingirwa ni hatari kuliko chui kumi walio msituni.

Kwa hivyo, akionekana: watoto waingizwe ndani, mbwa wafungwe, watu wakae mbali, upande wa msitu uachwe wazi, na chifu au KWS wapigiwe simu mara moja. Kumuua au kumtegea sumu ni kosa kisheria. Na sumu haichagui: hula mbwa wa jirani, ndege, na pengine mtoto aliyeokota nyama.

Anayefuga mbuzi na kondoo awalaze katika banda lenye paa na kuta imara. Chui huruka ukuta usio na paa kama mtu avukavyo kizingiti.

Akijeruhi mtu

Jeraha la mnyama, hata dogo, lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, ili daktari aangalie chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa. Wanyama wa porini wanaokula nyama wanaweza kubeba kichaa hicho, na dalili zake zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi huokoa. Kusubiri uone kama kidonda kitakauka ni kucheza na kifo.

Ripoti kwa KWS upesi, na utunze karatasi zote za hospitali na nakala zake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa kifo, Sh3 milioni kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Kila mtu hapa anajua kwamba fidia hukawia. Lakini faili isiyo na ripoti ya siku ya kwanza wala karatasi ya daktari ina safari ngumu zaidi. Na hakuna familia ambayo ingechagua milioni tano badala ya mtu wao.

Neno la kufungia

Mlima huu unalisha wengi. Mpagazi anayebeba mzigo kutoka Naro Moru analipa karo. Mama anayeuza chai na maandazi karibu na lango anajenga nyumba. Mgeni akirudi salama atawaambia wengine, na mwaka ujao watakuja kumi. Akiumia kwa sababu hakuambiwa, hasara ni ya familia yake kwanza, kisha ya kijiji kizima.

Kwa hivyo waongoza watalii wawaambie wageni wao maneno haya langoni, kabla ya hatua ya kwanza. Walimu wawaambie wanafunzi wanaopita kando ya msitu. Wazazi wawafundishe watoto kwa mchezo: simama, mtazame, paza sauti, rudi nyuma polepole. Wafanye mara nyingi mpaka mwili uzoee, kwa kuwa siku ya hofu akili huchelewa na mwili hufanya ulichozoea.

Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Basi msimpe ukimya, msimpe giza, msimpe mgongo. Tahadhari kabla ya hatari.